Miguu ya Kushukia

Fundi alikuwa mtu wa kukaa. Si kwa uvivu, tuelewane. Kazi yake ndiyo ya kukaa. Tangu ujana wake alikaa mbele ya cherehani akashona suti za maharusi, sare za walinzi na kaptula za watoto wa shule, na mwili wake ukajipanga kufuatana na kiti: mgongo umepinda kidogo, tumbo limetangulia mbele kwa heshima zake zote, miguu myembamba kana kwamba ameazima kwa mtu. Ukimuuliza anafanya mazoezi gani, angekujibu anavuta pumzi na anavuta uzi. Kwa hiyo aliposema mbele ya watu kwamba atambeba mke wake mgongoni, amshushe ngazi zote kutoka ghorofa ya tatu, jirani yao wa chini, mwanamke anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki, alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini Fundi hakuwa anatania. Mke wake alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali walimpasua, wakatia chuma, wakamruhusu kurudi nyumbani kwa sharti kwamba ahudhurie kliniki ya mazoezi ya viungo. Nyumbani kwenyewe ni katika jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani, siku hizi wanaweka humo ndoo na mafagio. Siku ya kumrudisha, vijana wa mtaani walimpandisha juu ya kiti cha plastiki. Walikuwa na nia njema na haraka nyingi. Kwenye kona ya ngazi walimgongesha kwenye chuma cha ukingo, nyonga ile ile, na ukelele alioutoa ulibaki masikioni mwa Fundi. Tangu hapo mke akasema hataki tena kubebwa na watu asiowajua, hata wawe malaika.

Hapo akaingia shemeji. Huyu ni dada mkubwa wa mke, mama mwenye gari, mwenye sauti, na mwenye nyumba ya chini isiyo na hata kizingiti. Alipanda akihema, akilaumu kila ngazi kwa zamu yake, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mdogo wake na kutoa hukumu.

"Huyu namchukua. Kwangu ni chini, chumba kipo, msichana wa kumsaidia yupo. Hapa mtamuua."

"Shemeji, hapa ndipo kwake," Fundi alisema.

"Kwake ndiyo. Kliniki atashukaje? Ataruka dirishani?"

Mke alikuwa ameshika mkono wa mumewe chini ya shuka na anaubinya. Fundi alijua mkono ule unasema nini. Mama yao naye alichukuliwa hivyo hivyo, kwa upendo ule ule, magoti yalipoanza kumsumbua. Aje apumzike kidogo, dada mkubwa alisema wakati huo, na mama akaenda kupumzika. Alibebwa kutoka kitandani hadi kitini na kutoka kitini hadi kitandani, akalishwa, akaogeshwa, akapendwa, na nyumbani kwake hakurudi tena mpaka alipofariki. Hakuna aliyemtendea ubaya. Ila mke wa Fundi alikuwa ameshamwambia mumewe, tena zaidi ya mara moja: nikienda kwa dada, sirudi.

"Nitamshusha mimi," Fundi akasema. "Mgongoni. Siku ya kliniki."

Shemeji alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. "Wewe?"

"Mimi."

"Haya. Nitakuja na gari, nitangoja chini. Ukimfikisha salama, nimenyamaza. Ukishindwa, tunapita kliniki, na tukitoka hapo anakwenda kwangu moja kwa moja."

Basi Fundi akaanza kutafuta miguu. Chumba chake cha kushonea kiko juu ya jengo la maduka, kwenye korido yenye mafundi watupu, na vitambaa vinauzwa chini, usawa wa barabara. Kila jora la kitambaa cha suti hupandishwa kwa bega la mtu, na aliyewahi kulibeba anajua kwamba lile si furushi la pamba. Fundi alitangaza koridoni kwamba kuanzia siku hiyo majora ya kila mtu atayapandisha yeye. Mafundi wenzake hawakungoja aseme mara ya pili. Wengine, bila haya, walianza kununua kitambaa ambacho hawakukihitaji, ilimradi tu wamwone mwenzao akipita mlangoni na jora begani, shingo imemtoka mishipa.

Siku za mwanzo aliumia kweli. Mabega yaliwaka moto, vigimbi vikakaza, usiku aligeuka kitandani kwa awamu. Alijikaza kisabuni, akaendelea. Halafu, pole pole, mwili ukazoea. Jora lililomtoa jasho wiki ya kwanza, baadaye alilipandisha huku akipiga soga. Alianza kujitazama miguu akiwa bafuni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aoe. Jioni alimshonea mke wake mkanda wa kumbebea, wa turubai nene, mishono miwili miwili, wenye mikono ya kupita mabegani na kiti cha kushika mapaja.

"Umenishonea mbeleko," mke alisema akiugeuza geuza. "Na chupa ya maziwa iko wapi?"

"Cheka tu. Huo mkanda ungebeba ng'ombe."

"Ahsante kwa kunifananisha."

Kwa upande wa mkanda Fundi alikuwa sahihi kabisa. Siku ya kliniki haukulegea hata uzi mmoja. Kilicholegea ni yeye mwenyewe, na sababu yake ni ya kijinga kiasi kwamba ni fundi tu angeweza kuifanya. Katika kazi yao, mzigo hupanda na watu hushuka. Jora zito linapanda, suti iliyokwisha inashuka ikining'inia kwenye henga, nyepesi kama shati. Kwa wiki zote zile Fundi alipanda na uzito wa dunia na kushuka mikono mitupu, akipiga mluzi. Haikumjia akilini hata kidogo kwamba alichomwahidi shemeji ni kushuka.

Alianza vizuri. Ngazi za kwanza alizishuka kwa mbwembwe, mke mgongoni amemshika mabega, Redio akitangaza kila hatua kutoka mlangoni kwake. Ngazi zilipokata kona, mapaja yakaanza kutetemeka kwa mbele, juu tu ya magoti, mtetemo ambao hakuwahi kuusikia alipokuwa akipanda. Alikaza meno. Kila alipotua mguu chini, goti lilitaka kwenda zake. Karibu na mlango wa Redio miguu ikagoma kabisa, na Fundi akaketi juu ya ngazi, taratibu, ili mke asigonge popote. Hapo hapo akashindwa kuinuka.

"Umechoka?" mke alimnong'oneza sikioni.

"Sijachoka," Fundi alisema, na machozi yalimlenga kwa hasira. "Miguu tu haishiki."

Redio na mumewe ndio waliomshusha mgonjwa, wakimshika kwa adabu ya ujirani, na chini shemeji alisimama kando ya gari amefumbata mikono. Alifungua mlango wa nyuma kabla hawajamfikia.

Kliniki ilikuwa na mtaalamu wa viungo, binti mdogo kwa umri lakini asiye na mchezo na mtu. Alipomaliza na mke, Fundi alimsogelea, akamweleza kisa chake chote kwa sauti ya chini, maana shemeji alikuwa benchi la pili.

"Baba, ulijizoeza kupanda," mtaalamu alisema. "Ukipanda, msuli wa paja unajikunja na kukuinua. Ukishuka, msuli huo huo unavutwa huku unang'ang'ania, ndio breki yako. Kazi ya breki ni ngumu zaidi kwa msuli usioizoea. Inachana nyuzi ndogo ndogo ndani."

"Nyuzi?" Fundi aliuliza. Neno hilo lilimfika.

"Nyuzi za nyama. Na maumivu yenyewe bado hayajaja. Kesho utayasikia, kesho kutwa ndiyo utanikumbuka. Usiogope, usikandekande kwa nguvu. Mwili unavimba kidogo kwa sababu uko kazini, unarekebisha. Tembea taratibu, kula mayai, maharage, lala. Ukishapona, shuka tena na mzigo mdogo. Mara ya pili haitauma kama ya kwanza, maana msuli unajifunza. Ila ukirudia kabla haujapona, utachana pale pale. Na ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, kimbia hospitali siku hiyo hiyo."

"Nikimbie kwa miguu gani, mwanangu?"

Mtaalamu alicheka, kisha akaacha. "Sikutanii, baba. Hilo ni jambo la figo."

Walipotoka, shemeji alikuwa ameshawasha gari, na hakuficha kwamba uso wa gari unaelekea kwake. Mke alikuwa hajatia neno katika mpango huu wote, kila mtu alikuwa akimwamulia. Sasa alimwekea dada yake mkono begani kutoka kiti cha nyuma.

"Dada, nipe mpaka kliniki ijayo. Nakuomba."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwomba shemeji jambo kwa sauti hiyo. Alizungusha gari. Na walipofika kwenye jengo, Fundi alivaa mkanda, akampandisha mke wake mpaka ghorofa ya tatu kwa kupumzika kila kona, bila goti kucheza. Shemeji alisimama chini akitazama juu, mdomo wazi. Ni kweli jambo lenyewe lilikuwa halieleweki: mtu ameshindwa kushuka, amepanda.

"Kliniki ijayo," akaita kutoka chini, "na sitaki visingizio!"

Mtaalamu hakusema uongo. Siku ya pili yake Fundi aliamka na mapaja kama mbao, na siku iliyofuata yalikuwa mbao zenye misumari. Kukaa kwenye cherehani kulimtaka ashike meza kwa mikono miwili na kujiachia kama gunia. Ngazi alizishuka kinyumenyume, jambo lililompa Redio mazungumzo ya wiki nzima. Kila asubuhi alichungulia chooni kuhakikisha rangi, na kila alipoona ni ya kawaida alimshukuru Mungu kwa sauti. Kishawishi cha kulazimisha kilimjia, kwa sababu muda ulikuwa unakwenda, lakini alikumbuka maneno ya binti yule na kutulia. Kwa mtu mbishi kama yeye, kutulia kulikuwa kazi kubwa kuliko majora.

Maumivu yalipokwisha alirudi koridoni na ombi jipya. Sasa anataka kushusha majora.

"Kuyashusha uyapeleke wapi?" mafundi waliuliza.

"Chini. Halafu nayarudisha juu."

Walitazamana. Mmoja alimgusa paji la uso kuona kama ana homa. Lakini walimpa vipande vilivyobaki, kisha nusu jora, kisha jora zima, na Fundi akashuka na kupanda, akipumzika siku moja kati kila alipomaliza. Aliumia tena, kidogo, kisha kidogo zaidi. Ngazi zile zile na uzito ule ule ambao ungemlaza, sasa ulimwachia uchovu wa kawaida tu. Nyumbani nako hakupoteza nafasi. Mke akitaka kwenda bafuni, Fundi anambeba. Akitaka kukaa dirishani, anambeba. Akitaka maji, Fundi yuko pale na mkanda, anachuchumaa na kuinuka naye, amefurahi kama mtu aliyepewa baiskeli mpya.

Katikati ya miezi ile ya kungoja kliniki, mtaalamu wa viungo, aliyekuwa akiishi mitaa ya karibu, alipita kuwaona. Fundi hakungoja chai ichemke. Alivaa mkanda, akambeba mke wake, akamshusha mpaka mlango wa Redio na kumpandisha tena, akamweka kitini na kusimama akingoja sifa. Mtaalamu alimpigia makofi. Kisha akamgeukia mke.

"Mama, hebu inuka."

Mke aliweka mikono kwenye kiti, akasukuma. Makalio yaliinuka kidogo na kurudi. Alijaribu tena, uso ukamjaa aibu. Mtaalamu alipiga magoti, akampima paja kwa viganja, la mguu uliovunjika na la mguu mzima. Yote mawili yalikuwa yamekwisha.

"Baba," akasema polepole, "umepata miguu wewe. Mgonjwa amebaki bila."

"Lakini namwonea huruma," Fundi alisema.

"Najua. Ila kila unapomnyanyua, unamnyang'anya kazi yake. Mfupa umeshika, picha nimeiona. Msuli usiotumika hauna sababu ya kubaki. Kuanzia leo ainuke mwenyewe, akae mwenyewe, na akae polepole, asijiachie. Baadaye ngazi moja, baadaye mbili. Itauma. Uache iume."

Mke alikuwa anatazama sakafu. "Mama yetu aliishia hivi hivi," alisema. "Mwishoni hata kugeuka alikuwa hawezi. Tulidhani ni uzee."

Baada ya mgeni kuondoka, Fundi aliukunja ule mkanda wa turubai na kukaa nao mapajani kwa muda. Niseme ukweli, aliumia. Alikuwa amekuwa mwanaume wa kutegemewa katika ngazi zile, na sasa anaambiwa kutegemewa kwake kunamlemaza mke wake. Lakini alichotaka tangu mwanzo ni mke huyu abaki katika nyumba hii, na kama njia ya kubaki ni hiyo, basi ni hiyo. Aliutupa mkanda juu ya kabati.

Walianza na kiti. Mke anainuka kwa kusukuma mikono, kisha anakaa polepole, na kule kukaa ndiko kulikomtoa jasho. Fundi alisimama mbele yake amefunga mikono nyuma, maana mikono ilikuwa inataka kwenda yenyewe. Kesho yake asubuhi mke aliamka analia.

"Chuma kimehama," alisema. "Fundi, chuma kimehama."

Fundi aliingiwa na baridi. Akakaa kando yake. "Panauma wapi? Nyonga?"

"Hapana. Mapaja. Hapa mbele."

"Mguu mmoja?"

Mke alifikiri. "Yote mawili. Hata huu mzima."

"Ukikaa tu hayaumi, ukitaka kuinuka ndiyo moto?"

"Ndiyo! Umejuaje?"

Fundi alianza kucheka, kisha akashindwa kuacha. Alicheka mpaka akaegemea mto. "Pole, mama watoto. Kesho itauma zaidi."

Mke alimtupia kandambili. Halafu naye akacheka huku anafuta machozi, maana katika jengo zima hakukuwa na mtu mwingine aliyeyajua maumivu yale kwa undani namna hiyo. Alipumzika mpaka yakapoa, kisha wakarudi kwenye kiti, na safari hii hayakurudi kwa nguvu zile. Kutoka kitini walikwenda mlangoni, kutoka mlangoni hadi ngazi ya kwanza. Kuna siku alikataa na kumwita mumewe mkatili. Kuna siku Fundi alitoka akaenda kusimama nje ya mlango asimwone akitetemeka, kisha akarudi. Kiti, ngazi, pumziko, mayai, kiti tena. Mapaja ya mke yakaanza kujaa kidogo, na yeye naye akaanza kuyatazama akiwa bafuni.

Siku ya kliniki shemeji alifika mapema. Alikuwa amelaza kiti cha mbele cha gari na kukitandika mito. Aliegemea mlango na kusubiri kumwona Fundi akitokea na mkanda wake, ajue mambo yameishaje.

Fundi alitokea kwanza, lakini akiwa kinyumenyume, mikono mitupu, ameinama kidogo kama mtu anayeita mtoto aje. Mbele yake, juu kwa ngazi mbili, mke wake alikuwa anashuka. Mkono mmoja kwenye ukingo, mwingine kwenye gongo, anatua mguu mbovu kwanza, anaupa uzito pole pole, kisha mzima unafuata. Jasho lilimtiririka. Redio alikuwa mlangoni kwake, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie katika jengo lile alikuwa kimya.

Kwenye kona ya mwisho paja lilianza kutetemeka. Fundi aliuona mtetemo ule, akaufahamu kama jina lake. Mikono ikamtoka.

"Rudisha mikono," mke alisema bila kumtazama.

Akairudisha. Mke alisimama pale, akapumua, akangoja mguu utulie kwa muda wake wenyewe, wala hakuna aliyemharakisha. Kisha akatua ngazi iliyofuata, na iliyofuata, mpaka gongo lake likagusa saruji ya chini na yeye akasimama mbele ya dada yake, anahema, amelowa shingoni.

"Tukitoka kliniki unirudishe hapa hapa," alisema.

Shemeji alikuwa anatazama ngazi juu ya bega la mdogo wake, macho yanapanda mpaka zinapokata kona na kurudi chini. Aliposema, sauti yake kubwa ilikuwa haipo.

"Mama naye angeweza?"

Mke aliuchukua mkono wa dada yake.

"Hatukujua, dada. Mimi na wewe wote hatukujua."

Shemeji alijifuta uso kwa mtandio, akafungua mlango wa gari, akaondoa mito yote na kuirusha kiti cha nyuma. Mke aligeuka akiupa mgongo ule mlango, akashika juu yake, akaanza kukaa, polepole, magoti yakitetemeka. Shemeji alinyoosha mikono kumdaka. Kisha akaizuia hewani, akaifumbata kifuani, akangoja.